Ukurasa Nilioruka Kakuma

Mwaka jana nilialikwa kutazama filamu katika ukumbi mmoja hapa Kakuma. Ilikuwa juu ya mabadiliko ya tabianchi, neno ambalo ujanani mwangu halikuwapo. Viti vya plastiki vilijaa vijana wa mjini na wengine waliokuja kwa pikipiki kutoka Kalobeyei. Mimi niliwekwa mbele kwa sababu ya mvi na kwa sababu ya macho. Barafu ilibomoka, miji ikafurika, kisha ikaja picha ya nchi kavu na mzoga wa ng'ombe, pembe moja imezama mchangani. Sauti ya filamu ilikuwa ikisema maneno niliyoyajua tangu zamani. Niliwahi kuyaandika kwa mkono wangu miaka ya sabini, katika daftari la shule, nikayabeba kutoka Lodwar mpaka Kakuma hii hii, nikasimama nayo mbele ya baba yangu, nikayaruka.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mtu wa kwanza wa boma letu kuvaa viatu vya kamba. Ofisi ya serikali ya Lodwar ilikuwa na gari la sinema, Land Rover yenye jenereta nyuma, na walihitaji mtu wa kusema. Ndivyo kazi yangu ilivyoitwa: msemaji. Filamu zilikuja kutoka Nairobi zikizungumza Kiingereza. Dereva, ambaye ndiye pia aliyeendesha projekta, aliipunguza sauti ya Mzungu, nami nikasimama kando ya kitambaa na kipaza sauti nikiwaambia watu kwa Kiturkana kinachosemwa. Picha haimsubiri mtu atafute neno. Kwa hiyo kila mkanda mpya ulipofika niliutazama kwanza peke yangu, nikiandika tafsiri ukurasa kwa ukurasa, ili siku ya maonyesho nisome tu.

Dereva alikuwa mtu wa makamo kutoka Kenya. Tulisema hivyo, "kutoka Kenya", kana kwamba sisi wa Turkana tulikuwa nchi nyingine, na yeye hakuona ajabu kusema hivyo pia. Alikuwa mtu mwema mwenye mdomo. Aliniita mwalimu.

"Mwalimu, leo utadanganya watu gani?"

"Sidanganyi. Natafsiri."

"Haya. Mimi nitaendesha mashine, wewe endesha mdomo."

Zaidi yake sikuwa na mtu. Makarani wenzangu wa Lodwar walikula pamoja na kucheka kwa lugha zao za nyumbani, nami nikikaribia wanahamia Kiswahili kwa adabu, kisha mazungumzo yanakufa. Nikienda kwetu Kakuma, vijana wa rika langu walitazama viatu vyangu kwanza, uso baadaye. "Ejok," walinisalimu, wakaniuliza kama bado najua kukamua ngamia. Nilikuwa najua. Lakini hakuna aliyenipa kibuyu nikamue.

Mkanda ule ulifika katika msimu wa kiangazi, mwaka ambao mvua ya kabla yake ilikuwa imenyesha siku mbili tu. Niliutazama mchana, ndani ya stoo ya mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia. Joto la stoo ile ya Lodwar saa nane mchana silielezi. Aliyekaa Lodwar anajua, na asiyekaa hataamini. Dereva aliwasha mashine, akanionyesha kitufe cha kuzimia, akaenda kulala chini ya gari.

Filamu ilikuwa ya nchi za mbali, upande wa magharibi wa Afrika, ukingoni mwa lile jangwa kubwa. Nilikuwa nimezoea filamu za kahawa, za ng'ombe wa gredi, za watoto wanaonawa mikono kwenye bomba, vitu ambavyo sisi tulivitazama kama mtu anavyotazama mwezi. Hii haikuwa hivyo. Wanawake walitembea juu ya udongo uliopasuka wakiwa na vibuyu vinavyofanana na vya mama yangu. Mzee mmoja alijaribu kumwinua ng'ombe kwa mkia, na ng'ombe akageuza shingo kumwangalia, taratibu, kama anayeomba aachwe. Mimi najua mtazamo huo wa ng'ombe. Sikuwa nimewahi kumwona Mzungu akiuona.

Kisha akatokea mtaalamu mwenye shati jeupe. Alisema kwamba hewa ya dunia haikai mahali pamoja, kwamba mvua za nchi za pembezoni mwa jangwa zinaonekana kupungua, na kwamba huu huenda si ukame wa mwaka mmoja wa kuvumiliwa mpaka upite. Mfugaji anayengoja miaka ya zamani irudi, alisema, atangoja mpaka mifugo ishindwe kutembea. Aondoke wakati bado ina nguvu.

Nilirudisha mkanda nikasikiliza tena. Niliandika yote katika ukurasa mmoja wa daftari, pande zote mbili, na jasho likadondoka juu ya wino. Nilipomaliza nilikaa gizani na mashine imezimwa. Nilitamani sana kumwambia mtu. Nilimpitia akilini kila mtu niliyemjua Lodwar, mmoja mmoja, sikumpata. Nikatoka nje.

Dereva alifungua jicho moja chini ya gari. "Umelia ama ni jasho?"

"Ni jasho."

"Jasho haitokangi kwa jicho, mwalimu," akasema, akalifunga tena lile jicho.

Wiki ile ile tukapangiwa Kakuma. Siku hizo Kakuma ilikuwa maduka machache, misheni, kituo cha polisi, na mto Tarach ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni barabara ya mchanga. Hakukuwa bado na kambi ya wakimbizi. Boma la baba lilikuwa karibu, na nilimkuta akinisubiri na habari zake.

Wazee walikuwa wamegawanyika. Mbuzi alikuwa amechinjwa na matumbo yake yakasomwa, kama inavyofanywa kwetu kabla ya jambo kubwa; waliosoma wakaona mambo mawili tofauti. Nusu wakasema ng'ombe waondoke sasa wapande milima ya mpakani mwa Uganda, ambako nyasi ilikuwa bado ipo. Ni safari ya siku nyingi, na kuna hatari ya kushambuliwa njiani. Nusu wakasema wangoje mvua hapa Tarach.

"Mimi nimewaambia tungoje jioni," baba alisema. "Nimewaambia mwanangu analeta picha ya ukame."

"Baba, picha ni ya nchi nyingine."

"Ile ya ugonjwa wa mbuzi haikuwa ya nchi nyingine? Na tuliisikia, tukapeleka mbuzi wakachomwa sindano, wakapona. Matumbo yana wasomaji, na kila msomaji ana ndugu zake. Picha haina ndugu." Alinishika bega. Hakuwa mtu wa kushika watu. "Itakachosema, nitafanya."

Ningetaka kusema kwamba sikuelewa uzito wake. Nilielewa.

Jioni, jua lilipozama tu, tulifunga kitambaa kwenye ukuta wa duka moja. Wazee walikaa mbele kwa nusu duara, kwa mpangilio wao wa ukubwa, kila mmoja juu ya kigoda chake kidogo cha mkononi, kile ambacho mwanamume wa kwetu hutembea nacho na hukilalia kichwa. Baba alikuwa katikati. Nyuma yao wanawake, watoto, askari wawili, wenye maduka.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu mvua na Mungu ni karibu kitu kimoja, na mtu hasemi vibaya juu yake mbele ya baraza. Nilipokuwa mtoto nilimwona mtu mzima aliyetamka barazani kwamba mbingu imefungwa. Wazee walimsimamisha, wakamtaka ateme mate chini na kuyarudisha maneno yake, na akachinja mbuzi ili kinywa chake kisafishwe. Alitembea na aibu ile miaka mingi. Sisi watoto tulimcheka tukimwona. Na huyo alikuwa mzee. Mimi nilikuwa kijana ambaye hata ng'ombe wake mwenyewe hakuwa naye, nimevaa viatu vya kamba, na nilikuwa na ukurasa mzima wa kuwaambia kwamba mbingu imefungwa.

Sisemi hivyo ili nijitetee. Kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo ni mbaya zaidi. Filamu ilipoanza watu walinisikiliza kuliko walivyowahi kunisikiliza. Walipomwona yule mzee na mkia wa ng'ombe, wazee wote waliguna pamoja, na mmoja akampigia kelele, "Acha mkia, shika pembe!" Watu wakacheka, nami nikajibu kwenye kipaza sauti, "Hasikii, mzee, yuko mbali!" Wakacheka zaidi. Wale vijana wa rika langu walikuwa wakicheka pia, kwa maneno yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke shule nilikuwa mtu wa kwetu. Ndipo akatokea mtaalamu wa shati jeupe, na ikabidi nigeuze ukurasa.

Nilimtazama baba. Mwanga wa kitambaa ulikuwa usoni pake. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, kama mtoto darasani.

Nikafunua kurasa mbili pamoja. Nikasema kwamba bwana huyu ni msomi mkubwa wa mambo ya hewa, na anasema ukame ni jambo zito, na wafugaji wawe na moyo, mvua imechelewa tu na itakuja.

Watu wakashangilia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtaalamu alikuwa bado anasema, midomo yake inakwenda, na mimi sikuwa na neno lingine la kumpa.

Tulipokuwa tukikunja kitambaa dereva hakunitania. Kiturkana alikijua cha kuombea maji na kununulia mbuzi, lakini neno la mvua alilijua, na alijua vigelegele.

"Yule mzungu amesema mvua inakuja?"

"Hapana."

"Mbona wamefurahi?"

"Niliwaonea huruma."

Alifunga kamba ya mwisho kabla hajajibu. "Hiyo huruma yako, ng'ombe watakula?"

Kesho yake asubuhi, tukiwa tunaondoka, baba alikuja kwenye gari. Alikuwa mchangamfu. "Tumekubaliana," alisema kupitia dirishani. "Tunangoja." Kinywa changu kilikuwa wazi tayari. Dereva alizima injini, makusudi, ili niseme. Gari likanyamaza. Baba akasubiri kidogo, akaona sina la kusema, akagonga bodi ya gari kwa fimbo yake kama mtu anavyomwondosha ng'ombe. Tukaenda.

Mvua haikuja. Ilikuja siku moja, upepo ukaibeba. Kwa miezi mitatu nilisikia habari kutoka kwa madereva wa malori: kwanza ng'ombe wamekonda, halafu hawasimami, halafu hakuna tena aliyetaja ng'ombe. Wachache waliokaidi baraza na kupanda milimani mapema walipoteza baadhi, wakarudi na baadhi. Waliongoja walipoteza karibu wote.

Nilipokwenda Kakuma nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda chake nje ya zizi. Zizi lilikuwa zima, miiba yake imepangwa vizuri, mlango umefungwa, na ndani hamna kitu. Nilitarajia hasira. Ningeipokea kwa shukrani.

"Picha yako ilitudanganya," aliniambia kwa upole. Alikuwa ananionea huruma, mimi, niliyebebeshwa uongo wa serikali bila kujua. "Usijisumbue. Wewe ulisema ulichopewa."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Katika maisha yangu nimesema mambo mengi mabaya kwa hasira na kwa pombe, lakini "ndiyo, baba" ile niliyoisema bila kulewa, mchana kweupe, hakuna lililoishinda.

Tuliporudi Kakuma na filamu nyingine, ya maji ya kuchemsha wakati wa kipindupindu, wazee walikuja, kwa sababu ya heshima. Baba alikuja pia. Aliweka kigoda chake mahali pake, katikati, kisha akakigeuza akakaa akiipa picha mgongo. Mmoja baada ya mwingine wengine wakageuza vigoda vyao. Nilisoma daftari langu lote, neno kwa neno, sikuruka hata nukta, kwa migongo. Kama kuna waliokunywa maji yasiyochemshwa kwa sababu hiyo, sijui. Sikuuliza.

Baba alihamia ziwani, Eliye, kwa binamu yake aliyekuwa na nyavu. Aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe hula samaki kwa shida. Kwetu samaki ni chakula cha aliyeishiwa. Nilimtembelea Jumapili moja na daftari mfukoni. Alikuwa chini ya mikoma karibu na chemchemi, anarekebisha wavu, na vidole vyake vilivyojua kufunga ngozi vilikuwa vikigombana na uzi wa nailoni.

Nilimwambia. Nilifungua ule ukurasa, nikausoma wote kwa Kiturkana kama nilivyouandika stoo. Palipodondokewa na jasho la siku ile wino ulikuwa umefifia, sehemu hizo nikazisema kwa kichwa.

Aliuweka wavu magotini. "Soma tena pale pa kuondoka."

Nikasoma: aondoke wakati bado ina nguvu.

"Kwa hiyo picha ilisema kweli."

"Ndiyo, baba."

"Ningeondoka siku ile ile," akasema. Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayepima umbali. Akarudi kwenye fundo lake, likamshinda, akaliacha. "Na mimi nimewageuza watu. Nimewaambia picha ni mwongo, wakageuka. Nenda Kakuma. Kaa nao barazani, uwaambie mbele yao kilichosemwa na ulichosema. Watakutemesha mate, watakula mbuzi wako. Kubali. Picha itakuja tena na jambo lingine, na hawataisikia."

Nikaahidi. Akanipa samaki mkavu wa njiani.

Sikwenda. Mwezi ule gari lilikuwa Kitale kwa matengenezo. Kisha nikahamishwa. Kisha baba akafa kule ziwani kabla ya mvua nyingine, na tukamzika mbali na zizi lake, mahali ambapo hazikwi mtu kama yeye. Kisha nikawa na watoto, kazi nyingine, mji mwingine. Visingizio vyangu vyote vilikuwa vya kweli. Niliporudi kuishi Kakuma nikiwa mzee, wale wa nusu duara walikuwa wamekwisha mmoja mmoja. Wa mwisho alikufa nikiwa nimemwahidi moyoni kumtembelea wiki hiyo.

Basi katika ule ukumbi, filamu ilipokwisha, msichana aliyeongoza kikao alileta kipaza sauti mstari wa mbele. "Mzee wetu, una neno?"

Nilisimama. Nilisema kwa Kiturkana, kwa sababu wenye haki ya maneno yale walikijua Kiturkana tu. Nilisema juu ya ukurasa, juu ya vigelegele, juu ya baba na kigoda chake. Nadhani nilisema muda mrefu. Nilipokaa, msichana mwingine aliyekuwa akitafsiri, binti wa hapa hapa, mpole, alinitazama, akawageukia wageni na vijana, akasema kwa Kiswahili, "Mzee anashukuru kwa filamu. Anasema hata zamani ukame ulikuwepo, lakini tusikate tamaa."

Watu wakapiga makofi.

Sikumkasirikia. Nilijua kila kitu kilichopita kichwani mwake katika ile dakika: mzee, aibu yake, wageni, makofi yaliyo karibu. Nilimwita nikamwomba ainame.

"Mama, hukukosea lugha," nilimwambia. "Umenionea huruma."

Aliinamisha macho. "Babu, ni maneno mazito. Hawa watu hawakujui."

"Ndiyo. Sasa rudia, useme yote. Nitakwenda polepole."

Tukasimama wote wawili. Nikasema sentensi moja, naye akaisema. Nikasema nyingine, naye akaisema. Alipofika pale pa "mvua itakuja" sauti yake ilipungua, nikamngoja mpaka akaitamka. Nilikuwa nikitazama mstari wa mbele. Ulikuwa na viti sita vya plastiki, na wote niliokuja nao rohoni, baba na wazee wa nusu duara, wangetosha kukaa hapo. Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja nyuma alikohoa. Nikashukuru, nikachukua fimbo yangu, na nilipofika nje nilitema mate mchangani, mara moja, peke yangu, kwa sababu hapakuwa na mzee aliyebaki wa kunitemesha.